Samaki kwa Mama Mkwe

Kitale, 19 Aprili 1952

Leo saa sita tajiri amefunga duka. Anakwenda kwao Bara Hindi kumwoza binti yake na hatarudi mpaka Agosti. Nilidhani ananifukuza kazi, kumbe la. Ameburuta sanduku kutoka chini ya kaunta, limejaa vifaa vya kuvulia vilivyododa tangu Krismasi, vile ambavyo wazungu wa Saboti huvishika, wakacheka, wakavirudisha kwenye rafu.

"Jotham," ameniambia, "wewe nenda nyumbani, vua samaki. Kila kitu jaribu. Andika kwa kitabu: hii nzuri, hii takataka. Mimi narudi, najua nini naagiza tena." Akanipa na daftari hili.

Basi naandika Kiswahili, kwa sababu tajiri hasomi Kibukusu, na Kiingereza changu mimi kinaishia kwenye bei. Sandukuni mna ndoano ya springi, samaki wa bati mwenye panga dogo la kuzunguka mkiani, chura wa mpira, chupa ya mafuta ya kuita samaki, bomba lenye kioo la kuchungulia chini ya maji, na vikengele vitatu vya kubana kwenye fimbo. Kazi ya mtu ni kuvua samaki! Mungu wangu, nimekufanyia nini mpaka unipende hivi?

Mabanga, 22 Aprili

Nimefika jana kwa baba mdogo Wakhungu, matope mpaka magotini. Lori la mahindi lilizama mara mbili njiani. Nilikuja na maneno mengi ya furaha, yote yameniisha.

Mke wangu Dinah alitangulia huku wiki mbili zilizopita kumtazama mama yake. Asubuhi amevuka mto kuja kuniona, macho mekundu. Mama mkwe alishikwa na nimonia. Sindano zimeondoa homa, lakini mwili umekwisha, ngozi na mifupa.

"Dresa Cheruiyot wa zahanati anasemaje?" nikamuuliza.

"Anasema dawa imemaliza kazi yake. Sasa ni chakula. Ale nyama, ale mayai, ale samaki. La sivyo, ati, tusitegemee kumwona akila mahindi mapya."

"Si mumchinjie kuku!"

Dinah akashangaa. "Baba Rahab, mama yangu ale kuku? Wewe umekaa Kitale sana."

Kweli nilisahau. Wake zetu sisi watu wa misheni wanakula kuku na kuomba paja. Lakini wanawake wa umri wa mama mkwe kuku hawali, wala mayai. Kuku ni wa wanaume. Amekua hivyo, ameolewa hivyo, na amesema afadhali afe na heshima yake. Nyama ya ng'ombe hawezi kuitafuna. Maziwa yanamwendesha. Kumbikumbi wa kukaanga wanamkwaruza koo. Kilichobaki ni samaki, tena awe wa magamba, kwa sababu kambare anasema ana sura ya nyoka.

Sote wawili tukageuka kuliangalia sanduku la tajiri.

Tajiri, ukisoma hapa niwie radhi, haya si ya duka. Jina la mama mkwe sitaliandika hata humu. Ndivyo tulivyolelewa. Mkwe na mama mkwe hawatazamani, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Lakini mwaka 1947, malaria iliponilaza Kitale siku tisa sijijui, mama huyu alitembea kwa miguu siku mbili kutoka hapa na furushi la mizizi. Hakuingia kwangu, maana mimi nilikuwemo. Alikaa kwa jirani, akichemsha, na Dinah akiniletea. Siku niliyosimama, akafunga furushi akarudi kwao kwa miguu. Mimi niliambiwa baadaye. Sijawahi kumshukuru, wala sijui ningemshukuruje mtu nisiyeweza kumtazama. Sasa najua. Nitamvulia samaki mpaka anenepe.

25 Aprili

Ndoano ya springi. Samaki akiigusa inafunguka kwa ghafla, inambana mdomo. Imenibana mimi kidole gumba, nikapiga kelele mpaka ng'ombe wakakimbia. Tajiri, takataka.

26 Aprili

Mvua. Samaki hakuna.

27 Aprili

Mvua. Kidole kimevimba.

30 Aprili

Bomba la kioo. Limeandikwa kwamba utamwona samaki kabla yeye hajakuona. Labda huko Uingereza. Mto wetu Nzoia msimu wa mvua ni rangi ya chai ya maziwa. Nimelala kifudifudi juu ya jiwe saa nzima, nimeona kahawia tu.

Baba mdogo akaniomba naye achungulie. Akachungulia majini, akatikisa kichwa, halafu akaligeuza bomba akanielekezea mimi. "Ah! Sasa naona vizuri. Naona mjinga mmoja."

Huyu mzee anavua kwa migono, mitego ya fito aliyoisuka mwenyewe. Mafuriko yamekwisha kuchukua mitatu, iliyobaki ni miwili. Leo mmoja ulikuwa na fwani wawili, samaki wa magamba hasa, wakubwa kama kiganja. Alinipa wote bila kuulizwa, akaenda kula sukuma wiki. Nisimsahau kwa hilo.

1 Mei

Mama mkwe amekula nusu ya fwani mmoja. Dinah ameniletea miba kwenye jani la mgomba ili niamini. Nimeitazama miba ile kama mtu anayesoma barua.

4 Mei, Jumapili

Tumeimba sana kanisani. Mvua.

9 Mei

Samaki wa bati! Panga linazunguka majini, linang'aa, na kwa mara ya tatu kutupa tu likashikwa. Nilivutana na kitu hicho mpaka mikono ikawaka moto. Kikatoka kambare wa urefu wa mkono wangu. Nikacheza ngoma peke yangu pale matopeni. Nikafikiri, akimwona ukubwa huu atasahau mambo ya nyoka.

Dinah amemrudisha kambare jioni. "Mama amegeukia ukutani," akasema. "Hataki hata kunusa mchuzi."

Tukamla sisi. Alikuwa mtamu, Mungu anisamehe. Tajiri, samaki wa bati ni kazi nzuri, agiza, lakini uwaambie wateja kwamba hachagui.

14 Mei

Fwani mmoja, wa mgono. Amekula robo.

18 Mei

Hakuna.

19 Mei

Hakuna. Mto umepanda mpaka shamba la viazi.

23 Mei

Siku mbaya kuliko zote. Naiandika ili nikumbuke ujinga wangu.

Dinah alikuja asubuhi, akasimama mlangoni hakuingia. Siku tano mama yake hajapata samaki, anakunywa uji mwepesi tu, na haketi tena bila kushikiliwa. Jana amemwomba Dinah afue gauni lake la Jumapili na kulipiga pasi.

"Anataka kwenda kanisani?" nikauliza.

"Baba Rahab, usiniulize kitu ambacho unakijua."

Nikatoka pale mbio na chupa ya mafuta ya kuita samaki. Imeandikwa matone matatu. Mimi nikaona, kama matone matatu yanaita samaki watatu, chupa nzima italeta ukoo wote. Nikamimina yote pale juu ya mkondo. Yananuka kama mafuta ya taa yaliyochanganywa na maua yaliyooza. Maji yakapata mng'ao, nikangoja. Hakuna kilichokuja. Hata vyura waliacha kulia.

Alasiri baba mdogo akaenda kutazama migono yake miwili, iliyo chini yangu mtoni. Mitupu. Alinusa kamba, akanusa mikono yake, akaja mpaka niliposimama.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Mama wa watu anakufa, na wewe unayamwagia maji marashi?"

Nikachukua chura wa mpira, ambaye sijamjaribu hata mara moja, nikamtupa mtoni kwa nguvu zangu zote, akaelea akaenda zake huku anatabasamu. Hapo nikakaa chini nikalia, mimi mtu mzima mwenye mtoto. Nililia kwa hasira ya kujiona mtu wa duka, anayejua bei ya kila ndoano na hajui kumlisha mama mmoja.

Baba mdogo aliniacha nilie. Kisha akasema, "Kesho tunapiga kichuguu. Lala."

24 Mei

Asante, baba mdogo. Asante, asante.

Nilidhani anataka kumbikumbi wa kula. Tulikata vijiti, tukavikunja juu ya matundu ya kichuguu, tukafunika kwa majani ya migomba, tukaacha mlango mmoja wenye shimo mbele yake. Halafu tukakaa na kupiga ubao kwa vijiti viwili, taratibu, bila kuacha, ili wale walio chini wadhani ni mvua inanyesha. Mkono ukichoka hupumziki, ukipumzika wanarudi chini. Nilisahau jinsi kazi hii ilivyo ndefu. Mara ya mwisho nilipoifanya nilikuwa sijajua kusoma. Baada ya saa moja wakaanza kutoka, mabawa yao yanameta, wanaporomoka shimoni.

"Sasa," akasema, "toa ndoano ya kawaida. Ile isiyo na akili."

Nikaivisha kumbikumbi mmoja mnene. Mpaka magharibi nilipata fwani watatu, juu kabisa ya mahali nilipomwaga uchafu wangu. Ningepata kumi, lakini fwani ni mwizi. Anagusa kidogo tu, anachukua chambo, anaondoka, na kwenye mvua macho hayaoni ncha ya fimbo ikitikisika.

25 Mei

Amekula mmoja na nusu! Dinah ameleta miba kwa kukimbia.

6 Juni

Kengele. Tajiri, soma hapa kwa makini.

Nilizidharau kwa sababu ni ndogo na zinachekesha. Lakini unaibana kwenye ncha ya fimbo, unachomeka fimbo ardhini, na fwani akigusa hata kidogo, kli! Unavuta, amekwisha. Macho yamepumzika. Tena badala ya fimbo moja ninazo tatu, nimekaa chini ya gunia, masikio wazi. Leo sita.

Baba mdogo alisikiliza siku nzima. Jioni akaniambia, "Kumbikumbi ni wangu, kengele ni ya tajiri, na wewe ni mtumishi wetu." Nimefurahi kuwa mtumishi.

10 Juni

Wanne. Amekula wawili.

15 Juni

Ameketi mwenyewe kitandani.

22 Juni, Jumapili

Kanisani tumemtaja kwenye maombi ya shukrani. Dinah amenipa habari. Mama mkwe amemuuliza, "Huyo mtu anayevua, ana koti?" Dinah akasema ana gunia. "Mwambie asilowe sana."

Hakutaja jina langu. Hawezi kulitaja. Nimeanza kulikunja gunia vizuri zaidi.

12 Julai

Fwani wameshuka. Sasa wanakaa kwenye kina kilicho ng'ambo, chini ya migomba ya mama mkwe. Dinah ameniapisha: "Huko usije. Ukiwa na njaa ya samaki kiasi gani, usije." Nimekubali.

19 Julai

Wawili tu, upande huu. Miba kidogo.

24 Julai

Hakuna.

26 Julai

Niandike kabla akili haijaanza kunitetea.

Dinah alikwenda sokoni Bungoma. Nikajiambia, mama yuko kitandani, tangu Aprili hajavuka ua wake, nani ataniona? Nikavuka. Nikachomeka fimbo tatu kwenye kina kile, kengele juu ya kila moja, nikajikunyata kwenye matete.

Saa nne hivi fimbo mbili zilipata kwa pamoja. Kengele mbili zinalia, kli-kli-kli-kli, na samaki hawaachi kuvuta. Naruka kuzikamata, nasikia vigelegele huko juu. Sauti nyembamba, ya mtu asiye na pumzi. Nikainua uso.

Alikuwa anashuka kati ya migomba, gongo mkononi, shuka begani, anapiga vigelegele, anapumzika, anapiga tena.

Ndipo nilipoelewa. Mwaka huu ni wa tohara. Vijana watakaotahiriwa Agosti wanazunguka siku hizi kwa jamaa zao, wanaimba na kupiga kengele, wanawaalika. Mama mkwe anamngoja mjukuu wa kaka yake. Mtu amelala peke yake, anasikia kengele zinakuja kutoka mtoni, afikiri nini? Kijana akifika asipate wa kumlaki, ni aibu kwa ukoo. Basi ameamka. Mtu asiyeweza kwenda msalani bila kushikwa ameamka, amejifunga shuka, ameshuka mlima kumpokea mtoto wa watu.

Akanikuta mimi, suruali imekunjwa, mdomo wazi.

Tukatazamana. Miaka minane ya ndoa, ndiyo mara ya kwanza. Ana macho ya Dinah, yale yale.

Ningeweza kugeuka tu kwa adabu. Sikugeuka. Nilijitupa mtoni na nguo zangu, nikaingia kwenye matete mpaka shingoni, nikampa kisogo, nikafumba macho kama mtoto anayedhani haonekani. Kengele bado zinalia. Nikasikia gongo likija polepole. Nikasikia, "Eh!" Kisha kamba ikikwaruza mawe, na kitu kikipigapiga majani. Kisha kingine. Amewavuta wote wawili! Mikono ambayo juzi haikuweza kushika kikombe!

Halafu akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, akapumzika, akacheka tena. Mwisho akasema, akiyaambia maji, siyo mimi, "Maji haya ni baridi. Aliyemo na atoke akaote moto."

Nikasikia gongo likipanda mlima. Lilisimama mara nyingi njiani. Nilitamani kwenda kumshika mkono, na huo ndio mkono nisioruhusiwa kuushika.

27 Julai, Jumapili

Wachunga mbuzi walituona kwa mbali, habari zimeenea. Sikwenda kanisani. Dinah hajaja.

28 Julai

Dinah hajaja. Baba mdogo amesikia kwamba mama mkwe ameshikwa na homa tena. Wanawake majirani wanasema ni kwa sababu macho yalikutana. Wazee wa ukoo wamekaa kikao.

29 Julai

Nimevua watano. Hakuna wa kumpelekea. Nimewarudisha majini mmoja mmoja. Akifa, nitakuwa nimemuua kwa kengele ya tajiri, na huo mdomo wangu uliokuwa wazi ndio kitu cha mwisho alichokiona. Baba mdogo hakunicheka. Alikaa karibu nami akisuka mgono mpya mpaka mvua ikatufukuza.

30 Julai

Dinah! Nilimwona anavuka.

"Kwanza wewe ni mjinga," akasema.

"Ndiyo."

"Nilikuambia usije."

"Uliniambia. Mama?"

Akakaa chini. Homa ilikuwa ya siku moja, uchovu tu. Dresa Cheruiyot amekuja, amemsikiliza kifua, amesema kimesafika. Jana wazee wa ukoo walikuja na maneno yao mazito: mkwe ameonana na mama mkwe, kuna jambo la kutengenezwa. Mama mkwe akawasikiliza mpaka mwisho.

"Halafu?"

"Halafu akawauliza, 'Nani ameonana na nani? Mimi nilikwenda kumpokea mjukuu wa kaka yangu. Nilichokuta ni kisogo cha mtu anaoga. Sasa siku hizi visogo navyo ni wakwe?'"

Wazee waliangaliana, wakaomba chai.

Nilicheka na machozi yanatoka. Ameudanganya mkutano mzima ili mimi nisiguswe. Dinah naye akacheka, akanipiga bega kwa nguvu, akaniegemea.

3 Agosti, Jumapili

Mjukuu wa kaka yake alikuja jana kweli, na kengele zake. Wanasema mama mkwe alimlaki njiani, mbali kabisa na nyumba.

Tajiri, hesabu ya sanduku ni hii. Springi, bomba na mafuta: hata bure usichukue. Chura simjui, aliondoka. Samaki wa bati: agiza wachache. Kengele: agiza nyingi. Lakini mteja akikuuliza kama ni vifaa hivi vinavyovua samaki, mwambie hapana. Vinamsaidia mtu ambaye tayari ameshajua samaki anakula nini. Mimi nilichelewa mwezi mzima kuuliza hilo, na aliyejua alikuwa analala nyumba moja na mimi.

9 Agosti

Kesho narudi Kitale. Leo Dinah ameniita.

"Mama anataka uje."

"Nije wapi?"

"Nyuma ya jiko. Ukae, uegemeze mgongo ukutani, uangalie mto. Usiseme kitu."

Nilivaa shati safi. Nilipeleka fwani wanne, nikampa Dinah kwenye kona, nikazunguka nyuma nikakaa juu ya gogo. Ukuta wa jiko ni wa udongo, una nyufa, na sauti inapita. Nilinusa kitunguu. Nikasikia sufuria likiteremshwa, Dinah akinawisha mtu mikono, kiti kikivutwa mpaka ukutani pale pale nyuma ya mgongo wangu. Kati yetu palikuwa na udongo wa upana wa kiganja.

Mkwe hasikii mama mkwe akila. Yeye anajua hilo kuliko mimi. Nikataka kuinuka niondoke kwa heshima, lakini miguu ilikataa, na kwa kweli hata mimi nilikataa.

Alikula polepole. Alichambua miba, akaitema kwenye sahani, kila mmoja nikausikia. Alikula mkia, akafyonza kichwa. Samaki wa kwanza, wa pili. Mto ulikuwa mbele yangu nikauona umefanya ukungu, nikajipangusa macho kwa mkono wa shati. Wa tatu. Dinah alimwuliza kama ametosheka.

Kisha nikasikia sahani ikisukumwa mezani, na ile sauti iliyonicheka mtoni, sasa imejaa pumzi, inasema kwa nguvu kuliko inavyohitajika kwa mtu aliye ndani ya jiko:

"Dinah, ugali umekwisha. Ongeza."